Sekondari mpya ya kata: tuanze na madarasa au tuanze na eneo?

Katibu wa Kamati ya Ujenzi aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi katika kata moja ya mkoa wa Geita, na swali ninalolileta hapa tumelijadili katika vikao vinne bila kulimaliza. Kata yetu ina sekondari moja tu, iliyojengwa katika wimbi lile la shule za kata la mwaka 2006 na 2007, wakati ilipohudumia vijiji viwili vya wakulima wa pamba na mihogo. Tangu hapo machimbo madogo ya dhahabu yamefunguka pande mbili za kata, watu wameingia kutoka Shinyanga, Kagera na Kigoma, na senta iliyokuwa na maduka kumi sasa inakesha. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa mzima wa Geita ukiwa na watu 1,739,530, na ile ya mwaka 2022 ikaukuta na watu 2,977,608. Sisi ongezeko hilo tunaliona darasani: sekondari yetu ina wanafunzi 1,130 katika vyumba 14, ilhali kiwango ni wanafunzi 40 kwa chumba. Watoto wa Kidato cha Kwanza hukaa wawili kwenye kiti kimoja, na anayechelewa huandikia gotini akiwa ameegemea ukuta.

Linalotuharakisha zaidi ni Januari 2028. Kwa kuwa elimu ya msingi imefupishwa kuwa ya miaka sita, watoto walio Darasa la Nne mwaka huu wa 2025 watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao walio Darasa la Tano sasa watamaliza Darasa la Saba, na makundi yote mawili yatagonga mlango wa Kidato cha Kwanza kwa pamoja. Nilipita katika shule zetu tatu za msingi nikahesabu kwa mkono wangu kutoka kwenye madaftari ya mahudhurio: Darasa la Tano lina watoto 412 na Darasa la Nne lina 447. Hata wakipungua, sijui tutawaweka wapi.

Tuna maeneo mawili. La kwanza ni ekari 6, liko hatua chache kutoka senta, na mwenyewe, mzee mmoja anayeheshimika, amelitoa bure kwa moyo mweupe. La pili ni ekari 22 chini ya kilima, kilomita nne na nusu kutoka senta, ambalo kijiji jirani kiko tayari kulitoa. Wananchi wamekwisha kufyatua na kuchoma tofali 60,000, nazo zote zimepangwa senta. Wengi wanataka tuanze kunyanyua madarasa manane mara moja kwenye zile ekari 6 ili tofali zisinyeshewe msimu mwingine. Wachache, nami nikiwamo, tunaogopa kwamba tutajuta. Naomba mawazo ya waliowahi kupita njia hii.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Ndugu Katibu, nakupongeza kwa kuhesabu watoto kabla ya kuhesabu tofali, kwa sababu kamati nyingi hufanya kinyume chake.

Mwaka 2007 nilipewa barua ya kwenda kufungua sekondari ya kata katika wilaya nyingine ya Kanda ya Ziwa, ambayo sitaitaja. Nilikuta vyumba viwili visivyo na sakafu, choo cha matundu mawili kilichozungushiwa mabua ya mtama, na hapakuwa na maji ndani ya kilomita mbili. Kila asubuhi wanafunzi walikuja na daftari kwapani na dumu la lita tano mkononi. Maji hayo yalinyunyizwa sakafuni kutuliza vumbi, yakapikiwa uji, yakapelekwa chooni, na kabla ya saa nne yalikuwa yamekwisha. Wasichana waliokuwa katika siku zao walibaki nyumbani, kisha kubaki nyumbani kukawa mazoea, kisha majina yao nikawa nayaita kwenye mahudhurio bila kuitikiwa. Wananchi wale walikuwa wamejitolea kwelikweli, wakijenga usiku kwa mwanga wa taa za chemli ili tarehe ya ufunguzi isiwapite, lakini mtu aliyewaongoza aliwaambia kwamba shule ni madarasa. Nami nilikaa miaka tisa nikijaribu kurekebisha kosa hilo moja.

Kuhusu ekari 6, naomba mchore kwenye karatasi kabla ya kuamua. Sekondari yenye mikondo mitatu inataka vyumba 12 ili kubeba wanafunzi 480 kwa kiwango cha 40. Ongeza jengo la utawala, maabara tatu za fizikia, kemia na baiolojia, maktaba, chumba cha kompyuta, vyoo, jiko, uwanja wa mpira wa miguu na wa netiboli, na nyumba za walimu. Mtakapofika hapo ekari 6 zimejaa, na bado hamjazungumzia hosteli wala Kidato cha Tano. Mnamo 2012 Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara, shule yetu ililazimika kuzijenga juu ya uwanja wa michezo, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Kuanzia siku ile watoto wangu walicheza mpira barabarani.

Nyumba za walimu msiziweke mwisho wa orodha. Mwalimu wa fizikia anayepangiwa kwenu ataripoti, atatafuta chumba senta na kukuta bei ya chumba ni ya wachimbaji wa dhahabu, kisha ataanza kuandika barua ya uhamisho. Nyumba moja ya mbili kwa moja, iliyo tayari siku anaporipoti, itawazuia walimu wawili wasiondoke, na kwa miaka mingi ya kazi yangu sikuona uwekezaji mdogo uliolipa kama huo.

Mama wa Wanne alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Nimekusoma kwa makini na sina ubishi kuhusu maji wala vyoo, ila naomba nizungumzie zile kilomita nne na nusu, maana naona zimepitwa haraka.

Binti yangu wa pili alisoma sekondari iliyokuwa umbali kama huo. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri, akaondoka gizani pamoja na wenzake wawili, na siku wenzake walipougua aliondoka peke yake. Katikati ya njia palikuwa na kichaka na mto wa msimu. Ulipofika wakati wa mvua nilimlipia bodaboda, na kila mama anayenisoma anajua hofu ya kumpandisha binti wa miaka kumi na mitano nyuma ya pikipiki ya kijana ambaye kesho atamwambia asilipe nauli. Wazazi wengine waliwapangia mabinti vyumba karibu na shule, yale tunayoyaita mageto, wakakaa huko bila mtu mzima hata mmoja, wakijipikia na kujilinda wenyewe. Kati ya wasichana sita wa mtaa wetu waliokaa geto mwaka ule, wawili walirudi nyumbani na mimba. Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi masomoni tangu Novemba 2021, nami naishukuru kwa hilo, lakini hakuna mzazi anayetaka mwanawe afike shuleni kwa kupitia mlango huo.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, kama mtachagua ekari 22 bila hosteli, mtakuwa mmejenga shule nzuri ya wavulana. Kabla ya kupiga kura, naomba kamati nzima itembee kutoka senta hadi kule kwa miguu, saa kumi na moja alfajiri, pamoja na watoto wa Darasa la Nne ambao ndio watakaoisomea shule hiyo. Msiende na gari la diwani.

Fundi Sanifu alijibu:

Nimefanya kazi za ujenzi wa shule katika mikoa ya Mwanza na Geita, nyingi zikiwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kutumia mafundi wa kawaida chini ya kamati za wananchi badala ya mkandarasi. Nitajibu upande wa ardhi na majengo tu.

Katika eneo la machimbo jambo la kwanza ni kuuliza wazee na wachimbaji wa zamani kilichokuwa chini ya ardhi hiyo. Duara, yaani shimo la wachimbaji, lililoachwa miaka kumi iliyopita likafukiwa kwa vifusi haliwezi kubeba msingi. Litatitia masika ya kwanza, na ukuta utapasuka kuanzia kwenye kona ya dirisha. Tazameni pia kama juu ya eneo hilo kuna mialo ya kuoshea dhahabu, au kama palikuwa na karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwa sababu zebaki inayomwagwa pale haiondoki kwa mvua, na kisima kitakachochimbwa upande wa chini kipimwe maji yake katika maabara kabla mtoto hajanywa hata kikombe kimoja. Kisha nendeni kwenye ofisi ya Tume ya Madini mkaulize kama eneo lina leseni ya mtu. Nimeona kijiji kikimaliza msingi wa jengo la utawala ndipo mwenye leseni akajitokeza na karatasi zake mkononi.

Pili, chimbeni mashimo matatu ya majaribio yenye kina cha mita moja na nusu, moja juu, moja katikati na moja chini ya eneo. Mkikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi hadi kiganja kikaingia katika nyufa, gharama ya msingi itawamaliza, hivyo ni afadhali mjue sasa.

Tatu, tofali 60,000 msizihesabu zote. Katika tanuru la kuni tofali za nje na za juu huiva nusu. Chukueni mbili mkazigonganishe: iliyoiva hulia kama chuma, na isiyoiva hutoa mlio wa kufa. Zilizoiva nusu zikipigwa mvua mbili humomonyoka pembeni na kubaki kama mkate uliolowa, na hizo zisiingie kwenye ukuta wowote wa nje. Zilizobaki zifunikeni kwa nyasi na turubai juu, ziacheni wazi ubavuni zipate hewa, na hofu ya kunyeshewa haitawalazimisha kujenga mahali pasipofaa. Kubeba tofali kilomita nne kwa lori ni gharama ya mara moja tu, lakini eneo baya mtalilipia kila mwaka.

Kuhusu maji ya mvua, wengi huyategemea bila kuyapigia hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Banda la madarasa matatu lenye paa la mita za mraba 250, likipata milimita 900 kwa mwaka, hukusanya lita 225,000, na mkipoteza robo kwa kufurika na kuvuja hubaki lita 168,750. Wanafunzi 480 wakitumia lita tano kila mmoja, mnahitaji lita 2,400 kwa siku, hivyo paa moja huwapa takribani siku 70 za masomo, tena kama mna tangi la kuyahifadhi. Mifereji ya bati na tangi viingizwe kwenye makadirio tangu banda la kwanza, lakini kisima hakikwepeki. Kwa idadi hiyohiyo, kama nusu ni wasichana, kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25 kinadai matundu 12 upande mmoja na 10 upande wa pili, pamoja na chumba cha wasichana cha kujisitiri chenye maji ndani yake na kichomea taka nyuma yake.

La mwisho naliandika nikiwa na uzito moyoni. Januari 2025 wanafunzi saba wa sekondari moja wilayani Bukombe, humuhumu mkoani Geita, waliuawa na radi wakiwa darasani, na Oktoba 2018 wanafunzi sita wa shule ya msingi walikufa hivyohivyo mkoani humo. Eneo lililo chini ya kilima au juu ya mwinuko haliondoi hatari hiyo. Kila banda liwekewe kinga ya radi iliyounganishwa vizuri ardhini, na mhandisi wa halmashauri aipime kabla ya mtoto kuingia. Mkiambiwa kwamba fedha hazitoshi, punguzeni chumba kimoja, lakini kinga ya radi msiiguse.

Madarasa yapangwe marefu kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi na lisiingie madirishani.

Mtendaji wa Zamani alijibu:

Nitaongeza machache ya ofisini.

Ahadi ya mdomo ya mzee wa ekari 6, hata akiwa mwema kiasi gani, si ardhi ya shule. Mzee akifariki, watoto wake watakuja na shauri lao, na mara nyingi watakuwa na hoja. Mwandikishane mbele ya familia yake yote. Kwa ekari 22, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji uidhinishe kwanza ndipo halmashauri ya kijiji igawe. Muhtasari wa mkutano huo uwe na saini na idadi ya waliohudhuria, kisha eneo lipimwe na kuwekewa mawe. Mwenye shamba la mihogo ndani yake alipwe fidia kabla ya jembe la kwanza.

Kuhusu madarasa manane kwa mpigo, nawasihi msifanye hivyo. Nchi hii imejaa maboma, yaani majengo yaliyoachwa bila kumaliziwa. Katika kata niliyofanyia kazi mwaka 2013 tuliacha maboma matano kwenye lenta, yaani usawa wa juu ya madirisha, na nilipohama miti ya mipapai ilikuwa imetoka juu ya madirisha. Nyanyueni vyumba vitatu na choo kimoja, vifikisheni kwenye lenta, ndipo mwombe halmashauri imalizie. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, na bei ya vifaa haijashuka tangu wakati huo. Hicho kiwe kipimo chenu mnapoambiwa kwamba michango itatosha.

Fedha zipo katika mifuko zaidi ya mmoja, nayo inataka kuombwa kwa maandishi na kwa wakati. Kuna mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, unaojenga sekondari mpya katika kata zisizo nazo na kata zilizoelemewa, kuna Mfuko wa Jimbo, kuna mapato ya ndani ya halmashauri, na kwa kuwa mko Geita kuna wajibu wa migodi kwa jamii, ambao baada ya marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 hupangwa kila mwaka kwa makubaliano na halmashauri. Diwani wenu ajue mwezi ambao mpango huo hujadiliwa. Akifika baada ya kikao, ataambiwa asubiri mwaka mwingine.

Michango ya wananchi ibaki ya hiari, na asirudishwe nyumbani mtoto hata mmoja kwa sababu mzazi wake hajachangia. Stakabadhi itolewe hata kwa shilingi mia tano. Tuliweka ubao nje ya ofisi ya kijiji na kila Ijumaa tukaandika kwa chaki mifuko ya saruji iliyoingia, iliyotumika na iliyobaki stoo. Ubao ule ulituletea wachangiaji wengi kuliko mikutano yote.

Anzeni pia mapema kuzungumza na wathibiti ubora wa shule wa wilaya. Shule isiyo na namba ya usajili haipangiwi wanafunzi, na watoto watalazimika kuandikishwa kwa jina la shule mama huku majengo mapya yakiwa tupu.

Katibu wa Kamati ya Ujenzi alirudi:

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Niliyachapisha majibu yenu na kuyasoma neno kwa neno kwenye kikao cha Jumanne.

Mama, tulifanya ulivyosema. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tuliondoka senta tukiwa wajumbe saba, pamoja na watoto kumi wa Darasa la Nne na wazazi wao. Tulifika chini ya kilima baada ya saa moja na dakika ishirini. Watoto wawili walikuwa peku na mmoja alibebwa mgongoni na mama yake sehemu ya mwisho. Mwenyekiti wetu, ambaye ndiye aliyezitetea ekari 22 kuliko sisi sote, alikaa juu ya jiwe, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba hapa hapafai bila hosteli, na hosteli hatuna uwezo nayo kabla ya 2028.

Tukiwa njiani kurudi tulipita kwenye shamba la mihogo lenye mkonge wa mipaka, kama kilomita moja na nusu kutoka senta, mali ya ndugu watatu. Mmoja wao alikuwa shambani. Tulipomweleza tulikotoka, alituuliza kama kijiji kinaweza kuwapa wao sehemu ya zile ekari za kilimani ili wao watoe ekari 14 za hapo. Amesema atazungumza na kaka zake, na mzee wetu wa ekari 6 ameridhia kwamba eneo lake litumike kwa nyumba za walimu, kwa kuwa liko jirani na zahanati na barabara. Mkutano Mkuu wa Kijiji umeitishwa tarehe 14, na familia ya mzee itakaa mbele.

Fundi, tuligonganisha tofali kama ulivyotufundisha, vijana wakazitenga kwa siku mbili. Zilizolia vizuri ni 41,000 hivi, nazo tumezifunika. Bado nina swali moja kwako. Katika shamba lile la ndugu watatu kuna bonde dogo upande wa kusini, na wachimbaji wawili wa zamani wanasema paliwahi kuwa na maduara mwaka 1998, lakini hawakubaliani ni mahali gani hasa: mmoja anaonyesha chini ya mwembe, mwingine hatua sitini juu yake. Je, mashimo matatu ya majaribio yatatosha, au upande ule tuongeze? Vijana wako tayari na sururu, na tumepanga kuanza Alhamisi asubuhi.

Fundi Sanifu alijibu:

Upande wa bonde ongezeni manne, mawili chini ya mwembe na mawili pale anapoonyesha mwingine, yote ya mita mbili. Asishuke mtu shimoni peke yake, na awe amefungwa kamba kiunoni. Mkikuta udongo uliochanganyika, mweupe na mwekundu bila mpangilio, hapo pamewahi kuchimbwa. Pawekeni uwanja wa michezo, na banda la kwanza lianzie mita thelathini kutoka hapo. Nitapita kwenu Ijumaa nikitoka Katoro, msiyafukie kabla sijayaona.